Niuze lupango (kiwanja cha familia) niende kusoma masta ya filamu, ama ninunue kamera nibaki Lubumbashi?

"Yaya, jambo. Niko na miaka 28, ninaishi Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nilimaliza lisansi ya sayansi ya habari na mawasiliano UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) mwaka 2021, mfumo wa zamani, na pointi 64 juu ya 100. Tangu hapo napiga video za ndoa na matanga, na mara moja moja mashirika yananiita. Kamera ya kawaida ninayo, na ordinateri (kompyuta) ya montaji, yaani ya kukata na kuunganisha picha. Ninataka kutengeneza dokumentari zangu mwenyewe, si sherehe za watu maisha yote. Wakala mmoja hapa mjini amenitafutia nafasi katika shule binafsi ya Johannesburg. Anasema ni masta ya mwaka mmoja, lakini karatasi ya shule imeandika diploma ya baada ya shahada. Nimeweka dola 5,000. Mama anasema tuuze lupango ya Ruashi tuongezee. Marafiki wanasema niachane na masomo, ninunue kamera ya sinema, kazi itakuja yenyewe. Nashindwa kuchagua. Masta itanifanya mtengenezaji filamu kweli? Na hiyo diploma ni masta ama hapana?"

Mdogo wangu, nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana, hiyo si masta. Afrika Kusini ina ngazi kumi za masomo, zinazosimamiwa na mamlaka inayoitwa SAQA. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu iko ngazi ya 7. Diploma ya baada ya shahada iko ngazi ya 8, pamoja na ule mwaka mmoja wa ziada wanaouita Honours. Masta iko ngazi ya 9, udaktari ngazi ya 10. Karatasi uliyopewa ni ya ngazi ya 8. Yanaweza kuwa mafunzo mazuri, sikatai, na kwa mtu anayetafuta ufundi wa haraka yanaweza kumfaa. Lakini ukirudi nayo ukaomba nafasi inayodai masta, utaambiwa huna. Wakala anayeiita masta, ama hajui, ama anajua na kamisheni yake ndiyo inayosema.

Wasiwasi wako wenyewe, nikiusoma vizuri, hauishii kwenye karatasi hiyo. Unaogopa kubaki mpiga video wa sherehe hadi uzeeni, na unaogopa kula mali ya familia ukijaribu kutoka huko. Hofu zote mbili zina haki. Ila njia mbili ulizowekewa mbele, lupango kwa masomo ama akiba yote kwa kamera, zinafanana kwa kosa moja: zote zinadhani kinachokukosesha filamu ni kitu cha kununua. Ushauri wangu ni kwamba usiuze lupango mwaka huu, usinunue kamera ya sinema, na masta uiombe, lakini ile inayoishia kwenye filamu yako na ambayo mtu mwingine anakulipia sehemu kubwa. Sasa nieleze kwa nini.

Masta za fani yetu zina majina yanayochanganya sana. Jina likiwa na "media", "audiovisuali" ama "mawasiliano", ndani yake unaweza kukuta vitu visivyofanana kabisa. Kuna masta ya kuchambua vyombo vya habari: unasoma nadharia, unafanya utafiti, unaandika memwari (tasnifu), na kamera hushiki. Ni masomo yenye heshima, yanakupeleka kwenye udaktari na kufundisha. Kuna nyingine zinazofundisha kusimamia uzalishaji: bajeti, ratiba, mikataba, haki, usambazaji. Halafu kuna masta ya uundaji, ambayo kazi ya mwisho ni filamu uliyoiongoza wewe, pamoja na kurasa kadhaa za kueleza ulichokuwa unakitafuta. Aliyetoka idara ya mawasiliano huvutwa na ile ya kwanza kwa sababu jina linafanana na diploma yake, halafu anashtuka mwezi wa tatu kwamba darasa lote linaandika na hakuna anayepiga picha.

Usisome tangazo la shule, soma orodha ya masomo na mikopo yake (krediti, yaani uzito wa kila somo, si deni). Masta ya Ulaya ya miaka miwili ina mikopo 120, na mkopo mmoja unahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje ya darasa. Filamu ya mwisho ikiwa na mikopo 30, maana yake shule inategemea utaifanyia kazi saa 750 hadi 900. Hiyo ni shule ya kutengeneza. Karakana zote zikijumlishwa zikifika mikopo 10 tu kati ya 120, hiyo ni shule ya kuandika, hata kama kwenye picha zake wanafunzi wamebeba kamera.

Kisha iandikie shule yenyewe, si wakala, uulize mambo yasiyokuwa kwenye tovuti. Darasa lina watu wangapi, na vyumba vya montaji ni vingapi? Nani analipia filamu ya mwisho? Shule nyingi hukupa vifaa, lakini usafiri, chakula cha timu na diski ni juu yako, na kuna zinazodai dhamana ya vifaa kabla hujavigusa. Omba kuona filamu mbili ama tatu za waliomaliza mwaka uliopita, nzima, si vipande vilivyochaguliwa. Na swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: filamu ikishaisha, ni mali ya nani? Kuna shule zinazobaki na haki zote kama mtayarishaji. Hapo hata kuipeleka kwenye tamasha lazima uombe ruhusa, na pesa ikiingia si yako. Hilo pekee si sababu ya kukataa shule nzuri, ila ulijue kabla ya kutia sahihi, na filamu unayoipenda kuliko zote usiitengenezee huko.

Tuje kwenye "itanifanya mtengenezaji filamu kweli?" Katika kazi ya ndoa, mteja akifurahi, swali limekwisha. Alikuwapo, anawajua watu wote, ubongo wake unajaza mapengo ya video yako bila yeye kujua. Dokumentari haina mteja wa namna hiyo. Mtazamaji wa Dakar ama Brussels hamjui mtu yeyote katika picha zako, na akipotea dakika ya nne hakuambii, anafunga tu. Ustadi unaokupungukia ni kujua mahali anapopotea, na huwezi kuupata peke yako, kwa kuwa wewe tayari unajua hadithi.

Shule nzuri inashughulikia jambo hilo hasa. Mwanzoni wanakupa mazoezi yenye kamba fupi: dakika tatu bila maneno, ama sehemu moja tu, ama picha moja isiyokatwa. Mnabadilishana kazi, leo unaongoza, kesho unashika mikro (maikrofoni) ya mwenzako, na aliyewahi kumshikia mwenzake mikro haiti watu kumi kwa picha inayohitaji watatu. Kisha mnakaa mbele ya ekrani, watu kumi na mwalimu, na kila mmoja anasema alipochoka, asipoelewa, alipodanganywa. Unarudi kwenye montaji, unaleta toleo la pili, la tatu, la sita. Kati ya la pili na la sita filamu hugeuka kitu kingine, na huko ndiko ada yako inakokwenda. Programu ya montaji utaijua kwa video za bure za intaneti, ila hizo video hazitakwambia kwamba mhusika wako anachosha.

Pamoja na hayo unajifunza kuandika: muhtasari wa filamu kwa mistari mitano, maelezo ya nia, namna filamu itakavyokwenda picha kwa picha, bajeti inayosimama. Wapiga video wetu wengi huidharau sehemu hii. Lakini mifuko inayotoa ruzuku husoma karatasi kwanza, picha baadaye.

Masta haitakupa mada, wala nidhamu, wala soko. Wapo pia waliopita bila hiyo. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji na kupewa tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, aliingilia mlango wa muziki, si wa shule ya filamu. Simtaji ili uige njia yake. Miaka mingi ya kutengeneza video za nyimbo zake nayo ni shule, ila haina cheti. Nataka tu uache kuwaza kwamba kuna mlinzi mlangoni anayeuliza diploma. Mifuko kama IDFA Bertha Fund ya Amsterdam ama World Cinema Fund ya Berlin inaangalia mradi na kazi ulizokwisha kufanya, haikudai masta.

Kuhusu kamera ya sinema, marafiki zako wanakupenda lakini wanakosea hesabu. Jopo la uteuzi haliulizi ulipigia nini. Linachoona haraka ni mazoea. Ndoa zimekufundisha mengi ya maana: kufanya kazi bila kurudia, kuhimili mwanga mbaya, kusogea katikati ya watu bila kuvuruga sherehe. Zimekuachia pia muziki unaofunika kila kitu, mwendo wa polepole pasipo sababu, kukata kila sekunde mbili, na droni inayopaa pale hadithi inapokwama. Ukipeleka video hiyo kama kazi yako ya kuombea, utaonekana fundi, hutaonekana mwenye jicho.

Kwa kamera uliyonayo fanya hivi. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hupiga mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mapigo mawili kamili, na picha inatulia. Ukiacha fremu 30 na shata 1/60 kama kamera nyingi zinavyokuja, utaona mistari ya giza ikitembea ukutani chini ya taa za neoni, na montaji haiponyi hilo vizuri. Mchana wa jua kali usikimbilie kupandisha shata, funga kioo cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi.

Sauti ndiyo inayoua filamu zetu nyingi. Mikro iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa anayesema, inachukua chumba zaidi ya mtu. Isogeze iwe kama sentimita 50 kutoka mdomoni, juu kidogo ya fremu, ama tumia mikro ndogo ya nguoni. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, na maneno yakipanda yaishie karibu na desibeli -12. Ukiacha yaguse sifuri, sauti inapasuka, na iliyopasuka hairudi. Kabla ya kuondoka mahali popote, waombe watu wanyamaze, urekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali hapo. Wakati wa montaji, ukikata neno katikati, ukimya huo ndio unaoziba kidonda.

Kingine ni diski. Picha ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Dokumentari ya dakika kumi inaweza kuwa na saa 15 za picha, yaani gigabaiti 675, na hiyo ni nakala moja. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, na ziishi nyumba mbili tofauti. Ordinateri ikichoka, tengeneza nakala nyepesi za picha ndani ya DaVinci Resolve. Toleo lake la bure linatosha. Unakata kwa nyepesi, unatoa filamu kwa picha halisi. Na usiunganishe diski moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani unaokatika na kurudi. Pitisha kwenye betri yenye inverta.

Sasa diploma yako. Ni nzuri kuliko unavyodhani, lakini mgeni ataisoma vibaya. Katika mfumo wa zamani ulisoma gradua miaka mitatu, halafu lisansi miaka miwili: jumla miaka mitano. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), uliotandazwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021–2022, lisansi ni ya miaka mitatu tu. Ofisa wa Johannesburg ama Lyon akiona neno lisansi anawaza miaka mitatu, na anakuweka chini ya unapostahili. Usimwachie nafasi ya kubahatisha. Peleka diploma zote mbili, ya gradua na ya lisansi, pointi za miaka yote mitano, na barua ya sekretarieti ya masomo inayosema wazi kwamba ni miaka mitano baada ya diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Pointi 64 nazo zinahitaji maelezo. Kwetu kupita ni 50, distinksioni inaanzia 70, na distinksioni kubwa 80. Mtu wa nchi ambako 90 ni kawaida ataona 64 kama udhaifu. Barua hiyohiyo ieleze kipimo, na kama uliorodheshwa vizuri katika darasa lako, itaje nafasi yako.

Kwa Afrika Kusini, tuma karatasi zako SAQA zitathminiwe kabla hujalipa senti kwa shule yoyote. Itasema lisansi yako inalingana na ngazi gani kwao, na hapo utajua kama unaweza kuomba moja kwa moja ngazi ya 9 ama lazima upitie ya 8 kwanza. Ikiwa ni la kwanza, hiyo diploma ya wakala ingekuwa kurudi nyuma. Ikiwa ni la pili, angalau utaichagua ukijua ni ngazi ya kupandia. Thibitisha pia kwamba shule binafsi imesajiliwa na wizara yao ya elimu ya juu, na kwamba programu hiyohiyo, si shule tu, iko kwenye daftari la SAQA. Kwa viza ya masomo watakudai bima ya matibabu ya mfuko uliosajiliwa kwao. Mawakala hawaitaji kwenye bei yao, halafu unaikuta njiani. Kusafiri kwa basi kupitia Kasumbalesa na Zambia kunaokoa pesa ya ndege, hakuokoi hayo mengine.

Pa kuomba pengine ni pengi kuliko Johannesburg. Kwa kuwa Kifaransa ni lugha yako ya masomo, anzia huko. Chuo Kikuu cha Gaston Berger, Saint-Louis nchini Senegal, kimefundisha masta ya uundaji wa dokumentari kwa Kifaransa, na hicho ndicho unachotafuta, si kitu kinachokaribiana nacho. Brussels kuna INSAS, Louvain-la-Neuve kuna IAD, zote shule za kutengeneza, zenye mitihani ya kuingia. Ufaransa kuna shule za umma zenye mashindano makali. Baadhi zina ukomo wa umri, na kwa miaka 28 soma kanuni hiyo kwanza kabla ya kupenda. Kwa Kiingereza kuna masta za pamoja za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wenye ufadhili, kama DocNomads iliyoanzishwa na shule za Lisbon, Budapest na Brussels kwa ajili ya dokumentari. Mwenye ufadhili huo halipi ada, na hupewa yuro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake ni mkali mno. Uingereza kuna Chevening, ufadhili wa serikali yao, inayolipia masta ya mwaka mmoja, inadai saa 2,800 za kazi baada ya masomo, na inakutaka urudi nyumbani miaka miwili. Saa zako za kupiga video zinahesabika, mradi una barua na mikataba ya kuzithibitisha, kwa hiyo anza leo kuwaomba wateja na mashirika barua. Lakini Kiingereza kwanza: shule nyingi hutaka alama kama 6.5 za IELTS, mtihani wa Kiingereza, kwa masta, na matokeo hudumu miaka miwili, kwa hivyo usiufanye mtihani mapema ukaozea kabatini.

Hesabu ya kujilipia mwenyewe ni hii. Vyuo vikuu vya umma vya Ufaransa hudai wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya zaidi ya yuro 3,700 kwa mwaka wa masta, ingawa kuna vinavyosamehe sehemu kubwa. Kwa viza huonyeshwa uwezo wa yuro 615 kila mwezi, yaani 7,380 kwa mwaka, na Paris hiyo haitoshi. Tayari umepita yuro 11,000 bila tikiti, bila bima, bila pesa ya filamu yako. Mwaka wa pili unarudia. Lupango ya Ruashi inaweza kulipa mwaka wa kwanza na kukuacha umekwama wa pili, na aliyekwama hupiga vyombo hotelini usiku na kulala darasani mchana. Filamu yake ya mwisho huonekana hivyo. Ndiyo maana nasema ufadhili ama subiri. Mwaka mmoja wa kujiandaa Lubumbashi ni rahisi kuliko mwaka wa masta bila pesa.

Mwaka huo wa kujiandaa una kazi moja: filamu ya dakika nane hadi kumi na mbili. Kwa anayeomba kuongoza, filamu moja fupi iliyokamilika ni bora kuliko dakika mbili za vipande vizuri. Vipande ni vya waombaji wa kamera na montaji. Chagua mtu mmoja na sehemu moja unayoweza kuifikia kwa miguu ama kwa taksi-basi moja, mara ishirini bila kuombaomba. Mama wa mashine ya kusaga komini ya Katuba, mchomeleaji wa komini yetu ya Kenya, mzee wa kurekebisha redio. Epuka machimbo ya madini kwa filamu ya kwanza: ruhusa zake ni ngumu, wapo wanaolindwa na silaha, na picha zake dunia imeshaziona sana. Nenda siku mbili ama tatu bila kamera. Ukianza, shikilia kila picha sekunde 20 kabla ya kusogea. Usimhoji siku ya kwanza. Usiweke muziki hata kidogo hadi toleo la nne, kisha ujiulize kama bado unauhitaji.

Mwache azungumze Kiswahili chake cha Lubumbashi, usimlazimishe Kifaransa cha ofisini. Tafsiri iwe chini ya picha: mistari miwili isiyozidi, kila mmoja kama herufi 40, na isipotee kabla mtu hajamaliza kusoma. Mpe asiyejua Kiswahili aitazame. Akikwama, tafsiri ndiyo mbaya, si yeye. Na mhusika atie sahihi karatasi ya ruhusa, hata kama ni shangazi yako.

Toleo la kwanza lionyeshe watu wasiokupenda sana. Lubumbashi mna bahati ya kituo cha sanaa cha Picha, kilichozaa Biennale ya Lubumbashi (maonyesho ya sanaa), na Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Kwenye maonyesho yao utakuta watu wanaojua kutazama. Waombe wakwambie walipochoka, usiwaombe maoni kwa jumla, maana kwa jumla watakusifu tu. Kwa kutuma, filamu ya dakika kumi kwa megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 750. Iweke intaneti kwa kiungo chenye neno la siri, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, usiku mtandao ukiwa mwepesi. Usiitume kwa WhatsApp, inaikamua hadi nyuso zinakuwa uji.

Maelezo ya nia ndiyo karatasi inayoangusha wengi. Usiandike kwamba unataka kuonyesha dunia sura nzuri ya Kongo. Jopo limesoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Andika ni nani unayemfuata, ulimwona akifanya nini hata ukasimama, ni swali gani hujalipatia jibu, na kwa nini kamera yako ikae hapo na si pengine. Ukurasa mmoja na nusu. Barua mbili za kukupendekeza: moja ya mwalimu wa UNILU, nyingine ya shirika lililokulipa kazi. Masta za Ulaya zinazoanza Septemba nyingi hufunga maombi kati ya Desemba na Machi, Erasmus Mundus kwa kawaida kati ya Oktoba na Januari. Afrika Kusini mwaka huanza karibu na Februari, na maombi hufungwa mwaka unaotangulia. Kwa hiyo filamu iwe imekwisha kufikia Septemba.

Dola 5,000 zako nazigawa hivi, na bei za mjini zitakurekebisha. Kama 800 kwa mikro mbili na rekoda. Kama 300 kwa diski mbili za terabaiti 4. Kama 400 kwa betri na inverta. Dola 500 za kutengenezea filamu, pamoja na kumpa mhusika kitu cha heshima filamu ikishaisha, si kabla, asije akaigiza. Zaidi ya elfu moja kwa mtihani wa lugha, karatasi, tafsiri za diploma na ada za maombi. Nyingine isiguswe, ni ya viza na siku za kwanza ugenini. Ndoa endelea nazo Jumamosi. Zinalipa kodi, na hakuna aibu.

Mambo mengine hayamalizwi kwa maandishi. Sekretarieti ya masomo UNILU nenda mwenyewe, mapema, ukiwa na nakala, kwa kuwa barua ya kipimo cha pointi huchukua muda na jina likikosewa herufi moja viza inakwama. Kwa wakala, usitie sahihi wala kulipa "kushika nafasi" kabla shule haijakujibu kwa anwani yake yenyewe kwamba inamtambua. Na siku mtakapofikiria tena kuuza lupango, mkae kwanza na mwanasheria ama mthibitishaji hapa Lubumbashi: kama hati iko kwa jina la marehemu, warithi wote wanahusika, na mauzo ya haraka kwa ajili ya ada ndiyo huleta kesi za ndugu. Hilo mwulize Mama kwanza, kwa utulivu, hati iko kwa jina la nani.